Zebaki Haiungui: Kutofautisha Badiliko la Umbo na Badiliko la Kikemikali katika Machimbo ya Katoro



Katika toleo hili tumeona vema kuandika juu ya somo ambalo wengi wetu tulilisoma darasani na kulisahau baada ya mtihani: namna ya kutofautisha badiliko la umbo na badiliko la kikemikali. Baadhi yenu mtajiuliza somo la sayansi linahusiana vipi na kazi za maendeleo ya parokia. Jibu ni kwamba hapa Katoro, na katika ukanda wote wa dhahabu kuanzia Geita hadi Kahama, kutolielewa somo hili kunagharimu afya za watu. Anayeamini kwamba zebaki "huungua na kuisha" ataichoma jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Anayejua zebaki inakwenda wapi hawezi kufanya hivyo kwa amani.

Tutaanza na mambo ya nyumbani, kisha twende kwenye karasha, mwalo na plenti, na mwisho tuseme yanayozihusu kamati na wafadhili.

MAKUNDI MAWILI YA MABADILIKO

Badiliko la umbo ni lile ambalo kitu hubadilika sura, ukubwa au hali, lakini kinabaki kuwa kitu kilekile. Maji yakiganda kuwa barafu ni maji. Yakichemka na kuwa mvuke ni maji. Mahindi yakisagwa kuwa unga, hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Ni mahindi yaliyovunjwa vipande vidogo. Pamba ikichambuliwa, nyuzi na mbegu vimetenganishwa tu. Mama anapokata viazi vitamu vibichi na kuvianika kuwa michembe, kazi kubwa inayofanyika ni kuondoa maji.

Badiliko la kikemikali ni lile ambalo kitu cha awali huacha kuwapo kama kilivyokuwa na kitu kingine kipya hutokea. Kuni zikiungua hutoa majivu, moshi na gesi, wala hakuna fundi awezaye kuyarudisha majivu yawe kuni. Maziwa yakiganda kuwa mtindi, vijidudu vimegeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, ndiyo maana ladha ni chachu. Jembe likiachwa nje wakati wa masika hupata kutu. Kutu si chuma tena, bali ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani pamoja na maji.

Mshumaa wa altareni unaonyesha yote mawili kwa wakati mmoja. Nta inayoyeyuka na kutiririka pembeni ni badiliko la umbo. Ikipoa inakuwa nta tena na inaweza kukusanywa. Nta inayopanda kwenye utambi na kuwaka ni badiliko la kikemikali. Imegeuka kuwa hewa ya kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na ndiyo sababu mshumaa hufupika.

DALILI ZINAZOPOTOSHA

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kinachoweza kurudi katika hali yake ni badiliko la umbo, na kisichorudi ni badiliko la kikemikali. Kanuni hii husaidia, lakini si kamili. Unga haurudi kuwa punje za mahindi, ingawa kusaga ni badiliko la umbo. Kwa upande mwingine, yapo mabadiliko ya kikemikali yanayorudi nyuma. Mfano maarufu unahusu zebaki yenyewe. Ikipashwa moto kwa muda mrefu ndani ya hewa kwa joto la kiasi, hutokea unga mwekundu, ambao ni zebaki iliyoungana na oksijeni. Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley alipasha moto mkali unga huo, ukarudi kuwa zebaki na kutoa gesi ambayo baadaye Mfaransa Antoine Lavoisier aliita oksijeni.

Dalili nyingine inayopotosha ni moto. Watu hudhani kwamba kila kilichowekwa motoni kimeungua. Sivyo. Maji yaliyo jikoni yapo motoni lakini hayaungui, yanachemka tu. Kuungua ni kuungana na oksijeni na kutoa kitu kipya, lakini kuchemka ni kutoka hali ya kimiminika na kuwa mvuke.

Kwa hiyo swali la msingi si "je, kimewekwa motoni?" wala "je, kimepotea machoni?" Swali la msingi ni hili: je, kimetokea kitu kipya, au ni kitu kilekile katika hali nyingine? Tuichukue njia yote ya dhahabu, hatua kwa hatua, tukiuliza swali hilo.

KUTOKA DUARANI HADI MWALONI

Dhahabu haipati kutu. Haiungani kirahisi na oksijeni wala maji, na ndiyo maana hukutwa ndani ya mwamba ikiwa bado dhahabu. Mwamba ukitolewa duarani, ukavunjwa kwa nyundo, ukapita kwenye karasha na kusagwa kuwa unga, chembe za dhahabu hazijabadilika asili. Zimefunguliwa tu kutoka katika mwamba uliozishika. Hayo ni mabadiliko ya umbo.

Mwaloni kazi inaendelea kuwa ya umbo. Unga uliochanganywa na maji hupitishwa juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa magunia au mabusati. Dhahabu ina uzito wa takriban gramu 19.3 kwa sentimeta moja ya ujazo, na mawe meupe ya kwatzi gramu 2.65 hivi. Kwa maneno mengine, dhahabu ni nzito zaidi ya mara saba kuliko kwatzi ya ujazo uleule. Maji huondoa mwepesi na kumwacha mzito.

Hatua hizi zina hatari zake, hasa vumbi la mawe linaloharibu mapafu, na maduara yanayoporomoka. Lakini hazizalishi sumu mpya. Sumu huletwa kutoka nje.

ZEBAKI INAPOKUTANA NA DHAHABU

Zebaki ni metali ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida. Mchimbaji huimwaga katika karai lenye mchanga uliobaki mwaloni, hukoroga, na mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushika chembe za dhahabu, hukaa chini kwa uzito wake, kisha hukamuliwa ndani ya kitambaa. Zebaki ya ziada hupita kwenye kitambaa, na linabaki donge la rangi ya fedha.

Je, donge hilo ni kitu kipya? Hapa ni vizuri kuwa waangalifu. Donge ni aloi, yaani metali zilizochanganyika kwa karibu sana, na atomu zake hushikamana kwa namna inayoliweka karibu na mpaka wa makundi yetu mawili. Lakini kwa shughuli yetu jambo muhimu ni hili: dhahabu ipo na zebaki ipo, na joto peke yake linatosha kuzitenganisha. Kukamua ni kuchuja tu, kama mama anavyochuja tui la nazi.

"KUCHOMA" AMBAKO SI KUCHOMA

Sasa donge huwekwa kwenye kikaango, kijiko au koleo, juu ya mkaa. Baada ya dakika chache rangi ya fedha huondoka na dhahabu ya njano hubaki. Watu husema zebaki imeungua.

Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Sentigredi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064. Moto wa mkaa unaofukuza zebaki hauwezi kuigusa dhahabu. Kinachotokea ni kwamba zebaki imechemka na kuwa mvuke, kama maji yanavyotoka sufuriani. Hili ni badiliko la umbo. Karibu zebaki yote iliyokuwa kwenye donge ipo hewani, ikiwa zebaki ileile, isiyo na rangi wala harufu.

Mzani unathibitisha. Tuseme donge lilikuwa na gramu 10, na baada ya moto imebaki dhahabu ya gramu 6. Gramu 4 hazikuteketea. Zimegawanyika kati ya mapafu ya waliosimama jirani, kuta na bati la nyumba, nguo, na udongo wa nje ambako mvuke umepoa na kuanguka. Kesho mchimbaji akipasha donge jingine, gramu nyingine huongezwa juu ya zile za jana. Na kazi haijaisha hapo, kwa sababu dhahabu iliyotoka kwenye mkaa bado hubaki na zebaki kidogo ndani yake, na hiyo hutoka pale mnunuzi au sonara anapoiyeyusha dukani.

Kuna jambo linaloshangaza wengi. Zebaki ya majimaji ikimezwa, sehemu ndogo sana tu huingia mwilini. Lakini mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini kupitia mapafu. Ni zebaki ileile. Kilichobadilika ni hali yake. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba badiliko la umbo ni jambo dogo. Mvuke huo hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito huvuka kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, kuvimba fizi, na kutembea kwa kuyumba. Mara nyingi dalili hizi hudhaniwa kuwa ni pombe, malaria au kurogwa.

Haya si maneno ya kutishia. Mwaka 2003, katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wataalamu waliwapima watu 180 wa kijiji cha machimbo cha Rwamagasa, hapa hapa Geita. Ili kupata ulinganisho, walipima pia watu 31 wasiofanya kazi hiyo, na hao walitoka Katoro. Kati ya wachomaji 99 wa donge, 25 walikutwa wamedhurika na zebaki. Katika kundi la ulinganisho hakuna hata mmoja aliyekutwa hivyo.

KINACHOTOKEA BAADA YA HAPO

Zebaki iliyoanguka ardhini husombwa na mvua hadi mabwawa na mito. Huko, kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili. Sasa hili ndilo badiliko la kikemikali. Kimetokea kitu kipya, chenye tabia mpya: huingia mwilini kirahisi kupitia chakula, na huongezeka kadiri samaki mdogo anavyoliwa na mkubwa. Samaki wakubwa wanaokula wenzao ndio hubeba nyingi zaidi.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya methili kutoka kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kutokana na mji huo ulipatikana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Ieleweke pia kwamba zebaki ni elementi. Hakuna moto, kemikali wala dawa inayoweza kuigeuza isiwe zebaki. Inaweza kuwa mvuke, inaweza kuungana na vitu vingine, lakini haiishi. Inaweza tu kukamatwa na kuhifadhiwa.

SIANIDI: HADITHI TOFAUTI

Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao wachimbaji huuita marudio, hupelekwa kwenye plenti za kuchenjulia kwa sianidi. Huko dhahabu hupotea machoni ndani ya maji, kama chumvi kwenye mchuzi. Lakini mfano wa chumvi unapotosha. Chumvi ikiyeyuka, ukikausha maji unaipata chumvi yako. Dhahabu haiyeyuki kwenye maji peke yake hata ukiiacha mwaka mzima. Ndani ya plenti, dhahabu imeungana na sianidi kwa msaada wa oksijeni ya hewani, na kuwa kitu kipya kinachoyeyuka. Hili ni badiliko la kikemikali. Kisha kitu hicho hunaswa kwenye punje za kaboni, na baadaye dhahabu hurudishwa kuwa metali kwa njia nyingine ya kikemikali, mara nyingi kwa kutumia umeme.

Tofauti kati ya sianidi na zebaki ni hii. Sianidi ni sumu inayoua haraka, lakini si elementi. Ni muungano wa kaboni na nitrojeni, hivyo yaweza kuvunjwa, na mwanga wa jua na hewa huivunja kidogo kidogo. Zebaki haina haraka, ila haivunjiki.

Mambo mawili ya hatari lazima yasemwe. La kwanza, maji ya sianidi huwekewa chokaa ili yasiwe na asidi. Asidi ikiingia, hutokea gesi ya sianidi inayoweza kuua mtu papo hapo. Kuchanganya ovyo kemikali za plenti ni kuita badiliko la kikemikali usiloliweza. La pili, marudio yenye zebaki yakitiwa sianidi, zebaki nayo huungana na sianidi na kuyeyuka, ikawa rahisi kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata unazitaka nchi zikomeshe jambo hilo, pamoja na kuchoma donge hadharani na kulichoma kwenye makazi ya watu.

NINI KIFANYIKE

Uelewa huu unatusaidia kuchagua vizuri pa kuweka nguvu na fedha.

Kwanza, barakoa za kitambaa si kinga. Kitambaa huzuia vumbi, ambalo ni vipande. Mvuke wa zebaki hupita kama hewa. Mradi wa kugawa barakoa za kitambaa kwa wachomaji utawapa imani ya uongo.

Pili, kwa kuwa kuchemka ni badiliko la umbo, kunaweza kurudishwa nyuma. Chombo kiitwacho retoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kilichobana na bomba linaloelekea kwenye maji baridi. Donge huwekwa ndani, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa na kuwa zebaki ya majimaji tena. Retoti nzuri ikitumiwa ipasavyo hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, ambayo mchimbaji huitumia tena badala ya kununua nyingine. Lakini itumike nje, mbali na nyumba, wala isifunguliwe ikiwa bado ya moto.

Tatu, iliyo bora zaidi ni kuacha zebaki kabisa. Meza za kutikisa hutenganisha kwa uzito tu. Kwa mchanga uliosafishwa vizuri, dhahabu yaweza kuyeyushwa moja kwa moja pamoja na boraksi, ambayo husaidia uchafu kuyeyuka na kujitenga. Njia hiyo imetumika Ufilipino kwa miongo kadhaa na imewahi kujaribiwa hapa Tanzania. Haifai kwa kila aina ya mwamba, kwa hiyo majaribio yafanyike pamoja na wachimbaji wenyewe.

Nne, tuzungumze na akina mama. Wengi huosha mchanga, huchoma donge nyumbani na hupika kwa chombo kilekile. Kikaango kilichochomea donge kisirudi jikoni kamwe. Mjamzito na mtoto wasiwepo mahali donge linapopashwa moto. Mwenye dalili tulizozitaja apelekwe hospitali na amweleze mganga wazi kwamba anafanya kazi ya zebaki.

MASWALI KWA KAMATI

Tunapendekeza kila kamati ya parokia yenye machimbo jirani ijadili maswali haya katika kikao kijacho:

1. Katika jumuiya zetu ndogondogo, donge huchomwa wapi? Je, ni ndani ya nyumba, uani, au sehemu iliyotengwa?
2. Je, kuna retoti inayofanya kazi? Kama ipo na haitumiki, sababu ni nini: muda, woga wa kuibiwa dhahabu, au kutojua?
3. Maji ya kunywa na samaki wetu hutoka upande gani wa mialo na plenti?
4. Nani miongoni mwetu, mwalimu wa sayansi au mhudumu wa zahanati, anaweza kueleza somo hili kwa Kisukuma na kwa Kiswahili?

Swali la pili lina uzito wa pekee. Mchimbaji hupenda kuiona dhahabu yake wakati wote, na retoti huifunika. Watu wakikikataa chombo kwa sababu hiyo, kugawa vingine zaidi hakutasaidia. Kinachohitajika ni kuonyesha mbele yao, kwa mzani, kwamba dhahabu ni ileile, na kuwawekea mezani zebaki iliyorudi. Wafadhili wetu wanaombwa kulizingatia hilo wanapopokea maombi ya vifaa: fedha ya mafunzo na ufuatiliaji ni muhimu sawa na fedha ya chombo.

Nabii Malaki alitumia mfano wa msafishaji wa fedha na dhahabu, aketiye karibu na moto wake. Wasikilizaji wake waliijua kazi hiyo: takataka hubadilika na kuondoka, dhahabu hubaki dhahabu. Katoro nayo inaijua. Ila tunapaswa kuongeza swali ambalo msafishaji wa leo hawezi kulikwepa, nalo ni kile kinachoondoka kinakwenda kwa nani.

Kamati zitakazojadili maswali haya zinaombwa kututumia majibu yao kabla ya toleo lijalo, ili parokia nyingine nazo zijifunze.